Jabali Limekuwa Jeupe

Naajalik, Jumapili

Dada Abelone,

Baba amekufa. Alikufa Jumanne asubuhi, kitandani kwake, kahawa haijachemka bado. Tumemzika jana.

Sasa salamu. Hujambo dada? Shemeji hajambo? Watoto je? Na goti lako, bado linakusumbua kwenye ngazi za huko Aalborg? Mimi mzima. Mgongo unauma lakini unabeba. Usinikasirikie kwa kutanguliza kifo. Nilianza barua hii mara mbili kwa salamu, nikachana. Mtu anasoma hujambo, anatabasamu, halafu anapigwa. Bora upigwe kwanza, tumalize.

Simu ya dukani imekufa tangu upepo wa mwezi wa tano, ndiyo maana hukusikia. Barua hii inapanda meli kesho pamoja na watu wa kampuni. Kukungoja hatukuweza. Ni mwezi wa saba, jua halitui, na chumba cha barafu tulicho nacho ni kile cha samaki tu, kiwandani kwa Jonatan. Baba asingependa kulala kwa Jonatan. Hakuumia. Nilimwita aje anywe kahawa, hakujibu. Nikamgusa mguu. Wa baridi. Basi.

Lakini usilie sana, dada. Nina habari ambayo hujapata kuisikia kutoka hapa tangu uondoke. Tumeshinda. Naajalik haifungwi.

Ngoja nikueleze kwa mpango, kichwa changu kimejaa. Mwezi wa tatu uliniandikia kwamba Naajalik imekwisha, nimpeleke Baba mjini kwenye nyumba ya wazee, madirisha niyapige mbao. Nilikasirika, sikukujibu. Ila hukukosea. Kampuni ilikuwa imeshaleta karatasi kwamba kiwanda cha samaki kitafungwa mwezi wa tisa. Miaka miwili boti zetu zilikuwa zikienda kusini siku nzima na kurudi na samaki bapa wa kuhesabu kwa vidole. Wewe unajua mambo yanavyofuatana hapa. Kiwanda kikifungwa hakuna wa kununua samaki. Asiponunua mtu, duka linafungwa. Duka likifungwa, shule. Nyumba thelathini na nane tungepangwa mjini kwenye maghorofa kama mayai kwenye boksi. Na kaburi la Mama lingebaki na nani? Mke wangu Hansigne hata kaburi hana, bahari haikumrudisha, ana msalaba tu pale kando ya Mama. Nani angeupaka rangi?

Watu walikubali. Hata Enok, ambaye hakubali kitu, alianza kufunga vyombo. Baba peke yake ndiye aliyekataa.

Unajua macho yake yalizimika kabisa msimu wa baridi uliopita. Tangu hapo alikuwa anakaa mlangoni juu ya kreti, uso kwenye upepo. Kazi yangu ni ile ile. Asubuhi nazunguka na kigari nyumba hadi nyumba, nakusanya mifuko ya vyoo, naipeleka jaani kule ncha ya kisiwa, namwaga. Watoto wananiita Mkurugenzi. Hakuna mtu mwingine anayefika jaani, kunanuka. Lakini kutoka jaani ndipo unaliona Jabali la Ndege lote, ng'ambo ya maji. Nyumbani huwezi kuliona, kilima kinaziba. Baba alinivisha darubini yake shingoni ndege walipofika mwezi wa tano. Kila nikirudi, kabla hata sijavua viatu, anauliza, "Rangi gani leo?" Namjibu. Anapiga hesabu zake.

Wewe ulikuwa ukimcheka kwa jambo hilo ulipokuwa msichana. Nakumbuka ulisema baba wa wenzako wanasoma magazeti, wako anasoma mavi. Lakini ulisikia kama nilivyosikia mimi. Ndege wakila uduvi, wanachafua jabali kwa wekundu, kama damu iliyotiwa maji. Wakila samaki wadogo wa barafuni, wanachafua kwa weupe. Na samaki wadogo wakiwepo, ndege anawala kwa juu, sili na manyoya yake anapiga mbizi anawala katikati, samaki bapa anawala kwa chini kabisa kwenye giza. "Wote meza moja," Baba alikuwa anasema. "Ukijua anachokula wa juu, unajua aliyekaa chini." Mwaka juzi jabali lilikuwa jekundu. Mwaka jana jekundu. Samaki hakuna.

Alikwenda mpaka kwa Jonatan mwezi wa sita, akishika bega langu, kumwambia aiombe kampuni ingoje ndege walee makinda kwanza. Jonatan ni meneja wa kiwanda sasa, ana kalamu mbili mfukoni. Akamwambia, "Mzee Zakarias, kampuni haiendeshwi kwa mavi ya ndege." Baba akamjibu, "Ndiyo maana inafilisika." Wanawake wa meza ya kusafishia samaki walicheka mpaka Jonatan akafunga mlango wa ofisi.

Basi Jumanne akafa. Jumatano nilikwenda kazini. Usishangae, mifuko haijui msiba. Nikafika jaani, nikamwaga, nikanyanyua darubini.

Jeupe.

Si jeupe la hapa na pale, dada. Jabali zima, kutoka juu walipokaa wale weusi wenye matumbo meupe mpaka chini kwa shakwe, jeupe kama kitambaa cha altari. Nilifuta kioo nikafikiri ni ukungu umeshika. Nikatazama tena. Jeupe. Na ndege wanaruka na kitu kinachong'aa mdomoni, mmoja mmoja, kama mtu anarudi kutoka dukani na kijiko.

Niliacha kigari pale pale. Unajua mimi sikimbii. Nilikimbia. Enok alikuwa gatini anafunga kamba kwenye makochi yake. Nikamwambia washa injini. Akaniuliza choo gani kimepasuka. Nikamwambia jabali ni jeupe. Akaona sichezi, akaivuta sofa ya mkewe kutoka botini akaiacha juani. Mkewe alipiga kelele mpaka tumezunguka ncha ya kisiwa.

Huko hakuna boti iliyoenda miaka mitano, tangu Hansigne. Watu wanasema ni kwa ajili ya barafu, kwamba mto wa barafu unamwaga milima ya barafu pale mbele na inapinduka. Ni kweli inapinduka. Ndivyo ulivyopinduka mmoja juu ya boti yake akiokota mayai. Tulipofika mahali penyewe Enok alizima injini bila kuambiwa. Tukavua kofia. Ndege walikuwa wanapiga kelele kama soko zima. Nikashika ukingo wa boti. Enok akasema, "Shemeji Hansigne, tumekuja kula kwako," akawasha injini tena. Watu wengine wangeona ni matusi. Mimi nilishukuru.

Chini ya jabali sili walikuwa wengi, vichwa tu. Enok akapiga mmoja. Kabla ya kumpasua alimwekea maji baridi mdomoni, kama Baba alivyotufundisha wote, maana sili anakaa kwenye chumvi na ana kiu. Halafu tukafungua tumbo. Dada, lilikuwa limejaa. Samaki wadogo wa barafuni, wengine bado wana ngozi, wamepangana kama soksi sandukuni. Na ndani kabisa, samaki bapa mchanga, urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko, kichwa kizima. Enok alikaa chini. Akasema neno ambalo siwezi kuliandika kwenye barua ya msiba.

Alikuwa na mshipi mmoja wa ndoana mia moja. Chambo hatukuwa nacho. Tukakatakata baadhi ya wale wa tumboni mwa sili, waliobaki na tumbo lenyewe nikaweka kwenye ndoo. Tukateremsha pima mia tatu na hamsini. Mshipi wote uliishia majini, kamba ya mwisho tukaifunga kwa mkanda wa suruali yangu, nikawa nimeshika suruali kwa mkono mmoja. Tukangoja saa nne. Tulikula ini la yule sili, tukanywa kahawa ya chupa.

Winchi ilipoanza kuvuta ililia. Enok akasema imeshika mwamba. Haikuwa mwamba. Wa kwanza alikuja mweusi, mpana, mzito kama mtoto wa miaka mitano. Wa pili. Wa tatu. Enok alianza kuhesabu kwa sauti, alipofika ishirini akaanza kuimba hesabu. Hamsini na saba kwenye ndoana mia moja. Hamsini na saba! Boti zetu zilikuwa zinaleta watatu, wanne. Tulirudi maji yakiwa vidole vinne kutoka ukingo, na suruali yangu haina mkanda.

Jonatan alikuja gatini na uso wa kutupa pole ya msiba. Akaona boti. Kalamu moja ilimdondoka majini. Hakuiokota.

Alhamisi upepo wa mto wa barafu ulisukuma mabonge yote kwenye ghuba, hakuna aliyetoka. Ijumaa alfajiri kukafunguka, na boti zote tano zikaondoka kwenda jabalini. Saa nne asubuhi meli ya kampuni ikafika kwa ajili ya mkutano wa kutufunga. Kwa hiyo ukumbini tulikuwa wanawake, wazee, mimi, na Enok ambaye alimpa ndugu yake boti kwa sababu alisema hawezi kukosa tamasha hili.

Aliyetumwa anaitwa Villads. Mrefu, sweta zuri. Amekuja na msichana wa mji mkuu, wa Nuuk, anaitwa Najaaraq, aliyesomea mambo ya sili na ndege. Villads alisoma karatasi muda mrefu. Kwamba samaki wamehama. Kwamba wameangalia matumbo ya sili kumi na wawili wa wilaya hii na yamejaa uduvi mtupu. Kwamba kampuni inasikitika. Halafu akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama.

Unajua sijawahi kusimama mkutanoni. Villads akamuuliza Jonatan huyu ni nani. Jonatan akasema ndiye anayebeba vyoo. Villads akasema kwa upole basi huyu bwana ana kazi zake nyingi, tusimcheleweshe. Enok akapaza sauti kutoka nyuma, "Anazo. Hata haja ya kwako ya asubuhi ameshaibeba." Ukumbi ukavunjika mbavu. Bibi Magdalene alibanwa na kikohozi ikabidi apigwe mgongoni.

Nilikuwa na ndoo. Nikaenda mbele nikammwagia tumbo la sili juu ya meza, pembeni ya karatasi zake. Villads akaruka. Yule msichana hakuruka. Alikunja mikono ya blauzi mpaka kwenye viwiko, akaingiza vidole. Anajua kazi, dada. Akatoa vile vijiwe vya masikio ya samaki, vyeupe, vidogo kama punje ya mchele. Akasema kila samaki ana viwili, nyama inayeyuka tumboni, vijiwe vinabaki. Akavipanga kwenye sahani ya kahawa kimoja kimoja. Themanini na sita. Akasema samaki arobaini na watatu, bila kuhesabu walio wazima. Halafu akainua taya la yule samaki bapa mchanga akamwonyesha Villads.

Akaniuliza sili huyu ametoka wapi. Nikamwambia. Akageuka akamwambia Villads mbele ya watu kwamba wale sili wao kumi na wawili wote walipigwa kusini, kwa sababu kaskazini waliambiwa kuna barafu nyingi, na kwamba kama anaandika wilaya nzima wakati ameangalia nusu, basi karatasi ile yeye hataisaini. Umri wake nadhani miaka ishirini na sita. Mama angempenda.

Akaniuliza tena nilijuaje pa kwenda. Hapo nikasema. Nikasema Baba yangu Zakarias, ambaye bado hajazikwa, aliniambia Jumatatu jioni kwamba jabali limekuwa jeupe na samaki wamerudi, niende nikaangalie. Kipofu. Nikasema mavi ya ndege hayadanganyi. Mtu hakucheka. Bibi Magdalene alianza kulia, na wengine wakamfuata.

Villads hakulia. Akakunja karatasi akasema kwa heshima zote, sili mmoja ni sili mmoja. Na samaki hamsini na saba ni mchuzi, si kiwanda.

Alikuwa hajamaliza kusema mchuzi tukasikia honi.

Sote tulitoka. Hata mwenyekiti alitoka na kengele yake mkononi. Boti tano zilikuwa zinazunguka ncha, moja nyuma ya nyingine, na dada, zilikuwa zimezama mpaka ungedhani watu wamekaa juu ya maji. Ndugu yake Enok alikuwa amekalia samaki, hana pa kuweka miguu. Walikuwa wanakuja polepole, maana mwendo ukizidi kidogo wanajaza maji. Jonatan alikimbia kufungua kiwanda, funguo zikamponyoka, akavunja kufuli kwa jiwe. Kiwanda chake mwenyewe! Makreti yakaisha. Tukatumia mabeseni ya kufulia, bafu la mtoto, sanduku la mbao la nguo za Bibi Magdalene. Mimi nilileta kigari changu. Wakakikataa, wakasema kioshwe kwanza. Nikakiosha. Wakakikataa tena.

Katekista akaanzisha wimbo, hakuna aliyemwomba. Wanawake wakashika sauti ya pili wakiwa na visu mikononi, wanaume wakashika ya chini kutoka botini. Sijasikia Naajalik ikiimba hivyo tangu nikiwa mtoto.

Villads alisimama gatini na sweta lake. Kwa haki yake, hakukimbia. Alimtazama samaki mmoja, wa pili, akampima mmoja kwa mikono. Halafu akamuuliza Enok, "Wako wengine?" Enok akamwambia, "Bwana mkubwa, tumeacha kwa sababu ya kukosa nafasi." Villads akaomba kalamu. Jonatan akampa ile iliyobaki. Akaikata ile mistari ya kufunga, akaandika kiwanda kinaendelea kwa miaka miwili, kisha wataangalia tena, akasaini juu ya kreti. Karatasi ina damu ya samaki. Imebandikwa dukani. Miaka miwili, dada. Kwetu hiyo ni milele. Na mwaka huu Najaaraq anabaki mpaka barafu ishike. Anataka kuanza kuandika rangi ya jabali kila siku. Amenipa daftari, mimi ndiye nitakayejaza. Mimi!

Jana tukamzika Baba. Hakuna mtu aliyebaki nyumbani. Jonatan alibeba jeneza mbele, upande wa kulia. Villads alikuja na kofia mkononi. Katekista alihubiri kuhusu mtu asiye na macho aliyewaonyesha wenye macho. Enok alisema kaburini kwamba mzee alimtukana miaka arobaini na kila tusi lilikuwa la haki. Mawe tulileta kutoka chini ya jabali. Kila boti ilileta. Kaburi lake limekuwa kubwa kuliko la mchungaji yule wa zamani.

Na leo alfajiri Bolette, binti Jonatan, amejifungua. Wa kiume. Wamempa jina la Baba, kama ilivyo desturi yetu, mfu hurudi na jina lake. Zakarias amerudi kabla watu hawajamaliza keki ya msiba wake. Kwa hiyo kuanzia leo na wewe utamwita Baba, na ni juu yako kumletea viatu vya kwanza. Enok amemwambia Jonatan, "Sasa mzee ni mjukuu wako, lakini usidhani ataacha kukusema."

Hayo ndiyo watu wote wanayajua. Sasa lile wasilolijua.

Baba hakunituma, dada. Niliudanganya ukumbi mzima. Tangu ndege walipofika, siku hamsini, kila siku aliniuliza rangi na kila siku nilimwambia jekundu. Sikuangalia hata siku moja. Pale jaani nilikuwa namwaga mifuko nimelipa jabali kisogo. Darubini inaning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Pale chini ndipo alipoishia Hansigne na mimi sikutaka kupaona. Mwaka jana lilikuwa jekundu, nikasema litakuwa lile lile. Nani atajua? Mwulizaji ni kipofu.

Jumatatu jioni nikarudi, akauliza, nikasema jekundu. Akapapasa kikombe chake. Halafu akaniambia, "Ulrik, siku nne hizi kuna ukungu. Nakaa mlangoni, uso wangu unalowa. Siku nne zote umeniambia jekundu. Umeliona na nini?"

Ningesema samahani. Sikusema. Nilipandwa na hasira ya mtu aliyekamatwa. Nikamwambia kama anataka kujua sana aende mwenyewe, yeye mwenye macho.

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika. Alimaliza kahawa yake, akaweka kikombe, akasema, "Miaka mitano, mwanangu. Angalia mara moja tu." Akaenda kulala. Lile la macho ndilo neno langu la mwisho kwake. Asubuhi nilipomwita kwa kahawa nilikuwa nataka kulirudisha.

Kwa hiyo Jumatano sikunyanyua darubini kwa ajili ya samaki. Niliinyanyua kwa sababu hakuwepo tena wa kuniuliza nikirudi. Na sijui jabali lilikuwa jeupe tangu lini. Labda wiki. Labda tangu siku ya kwanza. Ningemwambia, angekufa anajua. Amekufa anadhani tumeshindwa.

Watu sitawaambia. Sifa ile ni yake, ameifanyia kazi maisha yote, hata kama siku ya mwisho nilimwibia. Hesabu ilikuwa yake. Mimi nilimpa namba mbovu tu. Lakini wewe ni mwanawe kama mimi. Siwezi kukulisha uongo kutoka sahani moja na wageni. Ukitaka kunitukana, andika. Nitasoma.

Leo baada ya kanisa nilikwenda kwa Bolette kunywa kahawa ya mtoto. Wakanipa nimshike. Mwekundu, amefumba macho, ana hasira. Nikamsogeza karibu na mdomo wangu nikamwambia sikioni, polepole, "Baba, nilikudanganya siku hamsini. Ni jeupe. Lote. Nimeliona mwenyewe." Bolette akauliza ninamnong'oneza nini. Nikamwambia salamu za kazini. Mtoto akanikojolea mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Nikacheka, dada. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, na wote wakacheka wakidhani ni mkojo tu.

Basi. Nyumba haiuzwi, kitanda chako kipo, njoo ukiweza kabla bahari haijaganda. Nakutumia nyama kavu ya sili na samaki bapa aliyekaushwa, Villads ameahidi kuvifikisha. Msalaba wa Hansigne nimeupaka rangi leo mchana, na wa Mama pia. Msalimie shemeji na watoto wote, uwaambie babu yao alizikwa kama mkuu. Enok anakusalimu, anasema bado unamdai busu la mwaka ule wa dansi. Jonatan alinitaka kiwandani, kazi ya ndani, kwenye mizani. Nimemkatalia. Kijiji kizima kimekula siku tatu mfululizo na hakuna aliyegusa mfuko hata mmoja.

Kesho saa moja asubuhi narudi kazini.

Mdogo wako,
Ulrik